Mionzi ya vihisi vya kitabibu: hofu tuielekeze wapi?

Mtoto mwenye kisukari aliyebandikwa kihisi cha kupima sukari anatembea na redio ndogo kwenye ngozi yake. Yuko nayo darasani, uwanjani na kitandani, siku 10 hadi 14 mfululizo, kisha inabanduliwa na nyingine inachukua nafasi yake. Mzazi anayeuliza redio hiyo inamfanya nini mwanawe ameuliza jambo la maana. Anastahili kujibiwa kwa tarakimu. Kuambiwa "usiwe na wasiwasi, mama" hakumsaidii, kwa sababu neno hilo halimwambii afanye nini akifika nyumbani.

Hapa Dodoma vifaa hivi bado ni vya wachache, maana bei yake ni mzigo kwa familia nyingi. Hata hivyo vinakuja, na haviji peke yake. Viko vibandiko vya kifuani vinavyosoma mapigo ya moyo, vipima oksijeni vya kidoleni na mashine za presha zinazotuma majibu kwenye simu, na ziko betri za moyo zilizopandikizwa ndani ya kifua ambazo huzungumza na kompyuta ya daktari bila waya. Vyote hutumia mawimbi ya redio.

Msimamo wangu nauweka mbele ili msomaji aupime kadiri tunavyoendelea. Mionzi ya kihisi chenyewe ni ndogo mno, na hilo linaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi. Ikiwa kuna mionzi ya kupunguza, ni ya simu inayopokea vipimo hivyo. Na hatari zinazoweza kumlaza mgonjwa wodini wiki hii hii ziko kwingine kabisa.

Mionzi inayovunja na mionzi inayopasha joto

Watu wa kanda hii wana sababu za kushtuka wakisikia habari za mionzi. Bahi, na kwa majirani zetu wa Manyoni mkoani Singida, utafiti wa madini ya urani umewahi kufanyika, na wananchi wakahoji usalama wa maji, mashamba na mifugo yao. Hospitalini nako kila mlango wa chumba cha eksirei una alama ya onyo. Mtu akiambiwa kwamba kidude kilichobandikwa kwenye mkono wa mwanawe "kinatoa mionzi", akili yake inakwenda huko moja kwa moja, wala si kosa lake.

Mionzi ya urani, ya eksirei na ya CT (mashine inayopiga picha nyingi za eksirei kuuzunguka mwili) ina uwezo wa kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu za mwili. Elektroni zikishang'oka, vinasaba ndani ya seli vinaweza kukatika, na seli ikikosea kujirekebisha, miaka mingi baadaye saratani inaweza kuzuka. Ndiyo maana kipimo cha CT ya tumbo, ambacho humpa mgonjwa karibu milisivati 8 hadi 10 (milisivati ni kipimo cha dozi ya mionzi), hakiagizwi ovyo: wastani wa mionzi ya asili anayopata mtu duniani kwa mwaka mzima ni kama milisivati 2.4.

Mawimbi ya Bluetooth, yanayotumiwa na vihisi vingi, yako kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Nishati husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni, na fotoni moja ya masafa hayo ina nishati iliyo kama mara milioni moja pungufu ya ile inayohitajika kung'oa elektroni. Kuongeza idadi ya fotoni hakubadilishi jambo hilo. Simama chini ya mbuyu ulirushie buyu punje za uwele: hata ukimaliza debe zima, buyu litabaki tawini, lakini jiwe moja lililolengwa vizuri litaliangusha. Fotoni za redio ni punje za uwele, fotoni za eksirei ni mawe.

Kuna mionzi mingine ambayo wakazi wa Dodoma wanaipata kila siku bila kuiwazia: jua. Miale ya urujuanimno ina fotoni zenye nguvu ya kuharibu vinasaba vya ngozi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka jua katika kundi la kwanza, la visababishi vilivyothibitishwa. Ndugu zetu wenye ualbino wanalijua hili kwa uchungu. Mtoto mwenye ualbino anayecheza saa sita mchana bila kofia wala shati la mikono mirefu yuko kwenye hatari ya mionzi ambayo hakuna kihisi kinachoweza kuikaribia.

Mawimbi ya redio yakizidi, kazi yake inayojulikana vizuri ni kupasha joto maji yaliyo mwilini. Tanuri la maikrowevu linatumia masafa karibu yaleyale ya Bluetooth, ila ndani yake kuna mamia ya wati yaliyofungiwa kwenye sanduku la chuma. Kwa hiyo swali la usalama wa kihisi ni swali la wati: ngapi zinaingia mwilini, na katika nyama ya uzito gani?

Hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Kipimo kinachotumika ni wati kwa kila kilo ya mwili. Majaribio ya miaka mingi yameonyesha kwamba mwili mzima ukifyonza karibu wati 4 kwa kilo kwa muda wa kutosha, joto lake la ndani hupanda kwa kama nyuzi moja ya Selsiasi. ICNIRP, tume ya kimataifa inayotoa miongozo ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ilichukua kiwango hicho ikakigawa kwa 50 na kuwawekea raia wa kawaida kikomo cha wati 0.08 kwa kilo kwa mwili mzima. Kwa sehemu ndogo ya kichwa au kiwiliwili, kikomo ni wati 2 kwa kilo, ukipima wastani katika gramu 10 za nyama kwa dakika 6. Miongozo hiyo ilitolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya mwaka 2020, na vikomo hivi vilibaki vilevile.

Sasa chukua kihisi cha sukari. Redio za Bluetooth za vifaa vidogo vya namna hii kwa kawaida hutoa kama miliwati 1, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Tufanye hesabu kwa upande wa hofu kabisa: tuseme nguvu yote hiyo inaingia mwilini, hakuna inayokwenda hewani, na yote inafyonzwa na gramu 10 tu za nyama. Miliwati 1 ndani ya gramu 10 ni wati 0.1 kwa kilo. Hiyo ni mara 20 chini ya kikomo, na tumedhani redio inatuma bila kupumzika.

Lakini inapumzika, na inapumzika sana. Kihisi hutuma kipimo kila baada ya dakika 5, vingine kila dakika, kisha hunyamaza ili betri yake ndogo ifike mwisho wa siku zake. Mtumo mmoja huchukua sehemu ndogo ya sekunde, ila tuendelee kuhesabu kwa hofu, tuseme ni sekunde nzima. Kwa kinachotuma kila dakika, wastani unashuka hadi mara 1,200 chini ya kikomo. Kwa kile cha dakika 5, mara 6,000.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyozaa kanuni moja katika viwango vya kimataifa: kifaa ambacho redio yake haizidi miliwati 20 huhesabiwa kuwa kimetimiza kikomo cha raia bila kulazimika kupimwa maabara. Hata miliwati zote 20 zikiingia kwenye gramu 10, jibu ni wati 2 kwa kilo, pale pale kwenye kikomo. Naipenda kanuni hii kwa sababu haimtaki mtu amwamini mtengenezaji. Inataka kuzidisha na kugawanya tu.

Je, saratani?

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Habari hiyo imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa namna ya kutisha. Makundi ya shirika hilo yanaeleza ushahidi una uzito gani. Hayaelezi madhara ni makubwa kiasi gani. Ndani ya 2B hiyohiyo kuna dondoo la majani mazima ya mshubiri na achari za mboga za jadi za Asia.

Wanaohofia hawakosi pa kushika, na ni haki kulisema. Mwaka 2018 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulitoa matokeo ya panya waliomulikwa mawimbi ya simu za kizazi cha pili na cha tatu mwili mzima, karibu saa 9 kwa siku, kwa miaka miwili. Panya dume waliomulikwa walipata uvimbe wa moyo zaidi kuliko wale ambao hawakumulikwa. Kiwango cha juu walichopewa kilikuwa wati 6 kwa kilo kwa mwili mzima, mara 75 ya kikomo cha raia. Panya jike hawakuonyesha ushahidi wa namna hiyo, na kilichowachanganya wengi ni kwamba madume waliomulikwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao.

Kisha mwaka 2024 ukachapishwa uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti za binadamu za miongo kadhaa. Haukukuta uhusiano kati ya kutumia simu ya mkononi na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia kwa miaka 10 au zaidi. Hizo ni simu zinazoshikwa sikioni, zenye nguvu mara nyingi kuliko kihisi. Kwangu mimi ushahidi huo unatosha kumwambia mzazi asikibandue kihisi. Haumzuii kupunguza mionzi pale ambapo kupunguza hakumgharimu kitu.

Simu iko wapi?

Pa kupunguzia ni hapa. Simu ya kizazi cha nne inaweza kutoa hadi miliwati 200 inapotafuta mnara. Ya kizazi cha pili hutoa kwa vipigo vinavyofika wati 2, ambavyo wastani wake ni kama miliwati 250. Zilinganishe na miliwati 1 ya kihisi, na utaona ni kifaa kipi kati ya hivyo viwili kinastahili kuangaliwa. Na wengi wetu tunaiweka wapi simu? Mfuko wa suruali, sidiria, pindo la kanga, chini ya mto wa mtoto.

Simu haitoi nguvu yake yote kila wakati. Ikiwa karibu na mnara na mawasiliano ni mazuri, hujipunguza yenyewe mara mia na zaidi. Mtandao ukiwa hafifu, hupanda kuelekea kilele. Kwa hiyo mtu wa mjini, Makole au Area C, huenda anapata mionzi kidogo kutoka kwenye simu yake kuliko mtu wa kijiji cha ndani huko Chemba au Mpwapwa ambako alama ya mtandao inabaki kijiti kimoja. Wengi huuogopa mnara uliojengwa karibu na nyumba yao. Ila simu iliyo mbali na mnara, ikiwa imebanwa kwapani, inampa mwenye nayo mionzi zaidi kuliko mnara wa upande wa pili wa barabara.

Dawa yake ni umbali. Ukiwa mbali kiasi na antena, kila unapouzidisha umbali mara mbili nguvu inayokufikia hubaki robo. Bluetooth ya kihisi kwa kawaida hufika mita 6 au zaidi ndani ya chumba, kwa hiyo hakuna haja ya simu kulala na mtoto kitanda kimoja. Iweke juu ya kigoda au meza, mita moja au mbili kutoka kitandani: vipimo vitafika, na kengele ya sukari kushuka itasikika. Usiipeleke chumba cha mbali ambako kengele haitamwamsha mtu. Sukari ikishuka sana usiku inaweza kuua kabla ya alfajiri, na hatari hiyo haina mfano ukiiweka pamoja na miliwati chache.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalielezi. Simu nyingi zinaruhusu kuweka hali ya ndege kisha kuiwasha tena Bluetooth peke yake. Hapo redio kubwa inayotafuta mnara huzimika, kihisi huendelea kuzungumza na simu, na kengele huendelea kulia pale pale nyumbani. Kinachokatika ni vipimo kwenda kwa mtu wa mbali. Ikiwa baba yuko safarini Dar es Salaam na anamfuatilia mtoto kupitia simu yake, usifanye hivyo. Ikiwa wote mmelala nyumba moja, jaribuni kwanza mchana ili mhakikishe kengele inalia kweli.

Tukiwa hapo kitandani, mtoto akilala juu ya kihisi, mwili wake ambao sehemu kubwa ni maji huyazuia mawimbi ya gigahezi 2.4, na wakati huohuo kule kugandamizwa kunaweza kuleta kipimo cha uongo kinachosema sukari imeshuka. Kukibandika upande asioulalia kunatatua yote mawili.

Kuhusu stika za kubandika nyuma ya simu zinazodaiwa "kuzuia mionzi": msinunue. Kitu kinachoziba antena huifanya simu ipandishe nguvu ili iufikie mnara.

Wahandisi wanavyopunguza

Upunguzaji mkubwa hufanyika kabla kifaa hakijafika dukani, na kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayeota kubuni kihisi chake anaweza kuanzia hapa. Njia iliyo bora kuliko zote ni kutuma kidogo. Kifaa cha moyo kinaweza kuchambua mapigo chenyewe na kutuma taarifa pale tu mpigo unapokwenda kombo, badala ya kumwaga mchoro mzima hewani saa 24. Njia nyingine ni antena yenye bamba la chuma upande wa ngozi, ili mawimbi yaelekee nje.

Vifaa vilivyopandikizwa ndani ya mwili vilitengewa masafa yao, megahezi 402 hadi 405, ambayo hupenya nyama vizuri kuliko gigahezi 2.4, na nguvu inayoruhusiwa kutoka nje ya mwili ni mikrowati 25 tu. Hiyo ni sehemu moja ya arobaini ya miliwati. Mgonjwa akiwa na vihisi kadhaa mwilini, kimoja hukusanya data za vingine na kuzituma kwa niaba ya wote. Kikifanya kazi hiyo peke yake, nyama inayokizunguka ndiyo itakayopata joto jingi zaidi, kwa hiyo watafiti wamebuni taratibu za kupokezana: kilichotuma kwa muda kinapumzishwa, kingine kinashika. Tahadhari zaidi inahitajika karibu na lenzi ya jicho, ambayo haina damu ya kuondoa joto.

Wodini hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Vipokezi vikiwekwa karibu na vitanda, vihisi vitafika kwa nguvu ndogo. Vikiwekwa mwisho wa korido, vitalazimika kurudiarudia, hasa pale ambapo Wi-Fi na maikrowevu ya chumba cha chai vinagombea masafa yaleyale. Na kwa mgonjwa aliyelala tuli, au kichanga, waya unafanya kazi ileile bila redio yoyote. Sioni sababu ya kuuonea haya waya.

Hatari zilizo karibu zaidi

Mwenye betri ya moyo asiweke simu kwenye mfuko wa shati upande ilipo betri. Hapo tatizo ni sumaku. Simu za miaka ya karibuni zina sumaku kali za kuchajia, na mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba inashauri umbali wa angalau sentimita 15 kati ya simu hizo na kifaa kilichopandikizwa. Mafundi wa kuchomelea vyuma wenye betri hizo wazungumze na daktari wao wa moyo kabla ya kurudi kazini, kwa sababu mashine zao hutoa mvurugo mkubwa wa sumaku na umeme.

Kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku kali, sema mapema una nini mwilini. Vihisi vingi vya sukari vinatakiwa kubanduliwa kabla ya kuingia, na baadhi hata kabla ya eksirei na CT, maana mionzi hiyo inaweza kukiharibu kihisi kikaanza kutoa namba za uongo. Mtaalamu wa mazoezi tiba naye aambiwe, kwa kuwa matibabu ya joto kwa umeme wa masafa ya juu hayafai kwa mwenye kifaa kilichopandikizwa.

Na ziko saa na pete zinazouzwa mitandaoni kwa madai ya kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa namna hiyo. Mtu akichoma insulini kwa kufuata namba ya saa ya namna hiyo, anaweza kuanguka siku hiyohiyo. Usajili wa vifaa tiba nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na masuala ya mionzi ya aina zote mbili, pamoja na vipimo vya minara, yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Ukitilia shaka kifaa, huko ndiko pa kuuliza.

Kijitabu kinachokuja na kihisi, kile cha maandishi madogo ambacho wengi hukiacha ndani ya boksi, huwa na ukurasa wa maelezo ya kiufundi. Tafuta mistari miwili: masafa na nguvu ya kutuma. Nguvu ikiandikwa kwa dBm, kipimo kingine cha nguvu ya redio, sifuri ni miliwati 1, kumi ni miliwati 10, na 13 ni kama miliwati 20. Igawanye kwa gramu 10 kama tulivyofanya hapo juu. Kifaa ambacho kijitabu chake hakina ukurasa huo, au kisicho na kijitabu kabisa, mrudishie muuzaji.